Mgiriki Aliyenyimwa Kata

Jumapili, 18 Novemba 1973

Mimi Urbanus nina miaka sabini na tano. Padri aliandika sabini na mbili lakini padri hakuwepo nilipozaliwa. Nimewaona Wajerumani na magwanda yao, wakaondoka. Waingereza wakaja, wakaondoka. Nimeona mangi, machifu wetu, wakivuliwa umangi. Nzige nimewaona mara mbili. Meno yangu mengi yameondoka, mimi nipo! Hapa Kilema hakuna aliyebaki wa rika langu isipokuwa kaka yangu Emilian, naye ananizidi kwa masika matatu tu, ingawa anatembea kama ananizidi kwa karne.

Naandika kwa sababu watu wa hapa wakishakunywa wanasema jambo, kesho wanasema halikusemwa. Basi mimi nitaliweka.

Leo baada ya misa tulikwenda kwa Leonia kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi na Lefteri. Lefteri ni Mgiriki. Tangu mwezi uliopita anakaa kwangu, kwenye chumba cha uani alichokuwa akilala mwanangu marehemu. Shamba la binamu yake kule chini limechukuliwa na serikali, binamu amepanda ndege, na Lefteri aliambiwa atoke kwenye kile chumba chake karibu na ghala. Hakuwa na shamba. Hajawahi kuwa na shamba! Alikuwa na lori moja, la kubebea kahawa kwenda stesheni Moshi, na mimi nilikuwa turniboi wake miaka kumi na minane. Turniboi wa kwanza kutoka Kilema. Hakuna mlima nilioshindwa kuweka gogo chini ya tairi. Lori lilishakufa. Alikuja kwangu na sanduku na kile kibirika chake cha kahawa chenye mkono mrefu. Basi.

Sasa. Kwa Leonia kata moja inazunguka. Mmoja anakunywa, anampa wa pili. Ndivyo ilivyo tangu babu. Ilipofika kwa Lefteri, Leonia akaichukua, akaingia ndani, akamletea mbege kwenye bilauri. Bilauri ya kioo, yenye maua mekundu! Kata ikamruka ikaja kwangu.

Nikauliza, hii nini? Wakasema ni heshima. Mgeni mzungu hawezi kunywa kwa kata. Nikasema ameishi hapa miaka arobaini na minne, mgeni gani huyo? Wakacheka. Lefteri akaniminya goti akasema, kunywa, Urbano, kunywa.

Nilikunywa. Lakini haikushuka vizuri.


Jumatatu, 19 Novemba

Nimemwuliza mke wangu Anyesi: bilauri ni heshima au ni kumtenga mtu? Akasema, wewe ukipewa bilauri utafurahi? Nikasema nitafurahi mara ya kwanza. Akasema, umejijibu, nenda kakate majani ya ng'ombe.

Mvua ndogo. Lefteri amemfundisha Anyesi kunywa ile kahawa yake nyeusi. Tumelima kahawa maisha yote na hakuna aliyeinywa hapa nyumbani. Sasa mwanamke anainywa asubuhi na kukunja uso kama anameza dawa, halafu anaomba tena!


Jumatano, 21 Novemba

Filemon amekuja. Ni mtoto wa Emilian, mwalimu. Kaamkia vizuri, shikamoo baba mdogo, shikamoo mzee Lefteri. Kijana mwenye adabu na miwani.

Nikamweleza habari ya bilauri. Akasema, baba mdogo, hapa Tanzania hakuna ubaguzi. Ubaguzi uko kwa makaburu. Watu hawawachukii Wagiriki. Wanachukia unyonyaji.

Nikamwuliza Lefteri amenyonya nini. Sigara tu!

Filemon akasema si yeye mmoja mmoja, ni tabaka. Nikamwambia tabaka halikulala kwenye tope la Himo usiku lori lilipozama, tulilala mimi na huyu, tukifunikwa na gunia moja. Waingereza nao hawakumhesabu. Wazungu wenzake! Kwenye klabu yao mjini hakukaribishwa hata kwenye baraza, wakisema Mgiriki si Mzungu hasa. Na sisi tunasema ni Mzungu mno. Sasa akanywe wapi?

Filemon akaandika kitu kwenye karatasi, akasema hoja yako ina hisia. Nikasema ndiyo, inazo.

Lefteri aliinamia kazi yake. Alikuwa anatengeneza bawaba ya banda la kuku. Filemon alipoondoka akaniambia, Urbano, acha. Mimi nimezoea bilauri. Nikamwambia, mimi sijazoea.


Jumapili, 25 Novemba

Kanisani leo watoto walimcheka. Lefteri anafanya ishara ya msalaba akianza bega la kulia, sisi la kushoto. Kwao ndivyo. Mama mmoja nyuma akasema, hata Mungu anamsalimia kinyume. Akamaanisha nisikie. Nikageuka nikamtazama mpaka akaangalia rozari yake.

Halafu kwa Leonia. Bilauri tena. Maua yale yale.

Leo sikunyamaza. Nikasema mbele ya wote: mnamchukia kwa sababu ni Mgiriki. Wakapiga kelele! Sisi? Chuki? Tunampenda! Mmoja akasema yeye hana ubaya na Mgiriki yeyote ila ni wachoyo na wanapiga. Mwingine akasema mzungu koko huyu, masikini ya Mungu, nani atamchukia. Nikasema sikilizeni midomo yenu.

Emilian alikuwepo, kwenye kiti chake karibu na moto. Akasema taratibu, Urbanus, malisho ya baba yetu yalichukuliwa na nani? Na Mgiriki. Leonia, baba yako alipigwa kiboko na nani? Leonia akasema, na Mgiriki, mbele yangu, nilikuwa nachuma naye kahawa.

Wote wakageuka kunitazama mimi.

Ni kweli. Nitaandika kuwa ni kweli. Binamu yake Lefteri alikuwa na kiboko ukutani kama mwingine anavyotundika kofia, na malisho ya baba yetu aliyazungushia seng'enge. Lakini yule ni yule. Nikasema hivyo. Emilian akasema, tunda la mti mmoja. Nikasema, na wewe na mimi je, mti mmoja? Mbona mimi ni mzuri?

Walicheka. Emilian hakucheka.


Ijumaa, 30 Novemba

Balozi wetu wa nyumba kumi, Primus, amekuja na kofia yake. Mtu mwema, anaogopa kila kitu. Akasema kuna maneno. Watu wanauliza huyu Mgiriki anakaa hapa kwa ruhusa ya nani. Itabidi kikao, Jumamosi tarehe kumi na tano. Kama hakubaliki, ataandikiwa aondoke Kilema, arudi kwao.

Kwao wapi? Aliondoka ana miaka ishirini na mitatu. Mama amekufa, nyumba ya kijijini ilichomwa vitani. Huko hana hata mtu wa kumbishia hodi.

Primus akasema, mzee wangu meku, kihamba hiki, migomba na nyumba yote, ni cha ukoo, si chako peke yako. Mkubwa wa ukoo akisema mgeni akae, atakaa, nami nitaandika hivyo na hakuna wa kuuliza. Akisema hapana, mimi siwezi kitu. Mkubwa wa ukoo ni Emilian.

Kwa hiyo roho ya Lefteri iko mkononi mwa Emilian. Yaani ya rafiki yangu, mkononi mwa mtu aliyeninyang'anya kombeo nikiwa na miaka saba na hajanirudishia.

Anyesi anasema niwe mpole kwake kwa siku chache. Nitakuwa mpole. Mimi nikitaka upole hakuna anayeniweza.


Jumapili, 9 Desemba

Siku ya Uhuru. Kumbukumbu: nilimwita Lefteri Bwana mpaka Desemba ya sitini na moja. Siku ile nikaamka nikamwita Lefteri. Akacheka akasema, umechelewa, Urbano.

Leo nilichinja mbuzi. Beberu mweupe, mnene, hakuna aliyechinja kama yule hapa kwetu mwaka huu. Nilichinja makusudi, ili Emilian aje, ale, moyo ulainike kabla ya kikao. Akaja, na Filemon, na Primus, na wazee wengine watano. Nilimkalisha Emilian pazuri. Nikamsifia fimbo yake! Anyesi ananishuhudia. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Sasa niandike vizuri. Kwetu mbuzi hagawiwi ovyo. Kila nyama ina mwenyewe. Na kidari ni cha mkubwa wa ukoo, hata awe hana meno, hata awe mgonjwa atapelekewa kitandani. Anayekula kidari ndiye mkubwa. Mtoto wa miaka minne anajua.

Kidari kilikuwa mbele yangu juu ya jani la mgomba, nimeshakikata, mkono wangu unakwenda kwa Emilian. Anyesi akaleta mbege na kata. Emilian akanywa, akashika kata, akamwangalia Lefteri, akamwambia mke wangu, ndani ya ua wangu: Mama, mletee huyu Mgiriki bilauri.

Ndani ya ua wangu!

Anyesi akasema hatuna bilauri. Emilian akasema, basi hata kopo.

Kopo. Kama mbwa.

Mkono wangu ukageuka. Nikachukua kidari nikakiweka mbele ya Lefteri. Nikasema kula. Na akala! Hakujua. Miaka arobaini na minne, amepewa nyama sahani ngapi jikoni, lakini hakuna aliyewahi kumkalisha kwenye mgawo. Alitafuna, akasema tamu sana, asante. Halafu akaona nyuso.

Emilian akasimama. Akasema, umetupatia baba mpya, Urbanus. Haya, akuzike huyo. Akaondoka bila kula. Filemon akamfuata. Primus alibaki na mfupa wake mkononi, hajui aumalize au audondoshe.

Sijutii. Ningekuwa na mbuzi mwingine ningefanya vile vile kesho.


Jumatatu, 10 Desemba

Anyesi haongei nami. Amempikia Lefteri mtori wa ndizi. Mimi nimejipakulia.


Alhamisi, 13 Desemba

Kesho kutwa ni kikao. Emilian amemwambia Primus neno lake ni hapana. Hasemi ni kwa sababu ya Ugiriki. Oh hapana! Anasema ni kwa sababu ya kidari. Ni mila, anasema, si chuki. Filemon naye anarudia hivyo, mila si chuki. Na bilauri? Heshima. Na kopo? Bilauri haikuwepo. Kila kitu kina jina jingine!

Anyesi amefungua mdomo leo. Akasema, peleka isale.

Isale ni yale majani marefu tunayoyapanda mpakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unalikata jani moja, unalifunga fundo, unampelekea mkononi. Akiletewa isale hakatai. Hajawahi mtu kukataa. Mtu aliyeua aliwaletea ndugu wa marehemu isale, wakasamehe wakilia. Hiyo niliiona kwa macho, mwaka wa njaa.

Nikasema sipeleki. Aliyekosewa ni nani? Mimi! Ndani ya ua wangu! Emilian ndiye alete isale hapa, na aje nalo amepiga magoti. Anyesi akasema, kiburi chako kitampandisha Lefteri ndege. Nikasema si kiburi, ni msimamo. Akasema, sawa, msimamo wako utampandisha ndege.

Lefteri alikuwa kizingitini na kibirika chake. Amesikia yote, maana Anyesi haongei polepole. Akauliza, kile kidari, kilikuwa cha Emilian? Nikajifanya natafuta kofia. Akauliza, fundo la isale linafungwaje? Anyesi akamwonyesha kwa kitambaa cha jikoni. Nilidhani ni mazungumzo tu.


Ijumaa, 14 Desemba

Naandika haraka. Anyesi anapasha mtori, nikimaliza natoka.

Asubuhi Lefteri hakuwepo chumbani. Anyesi akasema amepita mpakani, amekata jani. Nikatoka bila kofia. Nikapita katikati ya migomba mpaka kwa Emilian, nikasimama nyuma ya mibuni. Si kujificha. Nilikuwa napumzika.

Emilian alikuwa uani ananoa panga. Filemon yupo, shule zimefungwa. Primus alikuwa amefika kwa habari ya kikao cha kesho. Na Leonia alikuwa anapita na kibuyu cha mbege kichwani, anapeleka kwa mtu, akasimama kuangalia, maana Leonia hapitwi na kitu.

Lefteri akavua kofia, akaiweka chini kwenye matope. Akashika isale kwa mikono miwili, fundo limekaa sawa sawa, hata mimi nisingefunga vile. Akasema kwa Kichagga, na ile sauti yake ya puani, akimwita kwa heshima ya wazee: Mbe, nimekula kilicho chako. Sikujua. Nisamehe.

Emilian akaangalia lile jani. Nikasema moyoni, imekwisha, atapokea, hakuna anayekataa isale.

Akasema: Hilo ni jani tu. Lingeletwa na mtu, lingekuwa isale.

Lingeletwa na mtu!

Nilisikia. Wote walisikia. Primus alitazama kucha zake. Nikamtazama Filemon, bwana hakuna-ubaguzi. Akainama anafunga kamba ya kiatu. Amevaa sandali!

Emilian naye alisikia. Nilimwona. Neno lilipotoka mdomoni alifunga mdomo kama mtu aliyemeza nzi. Lakini halirudi. Wiki nne ananiambia heshima, mila, malisho, mara kidari, na sasa limetoka uchi mbele ya balozi.

Lefteri hakuondoka. Mikono ile ile, mbele. Mvua ikaanza.

Ndipo Leonia akatua kibuyu. Akasema, mzee Emilian, mimi baba yangu alipigwa kiboko na binamu wa huyu nikiangalia. Nina haki ya kumchukia kuliko wewe. Na mimi naliona isale. Akatoa kata kwenye kanga, akamimina, akaonja yeye kwanza kama desturi, akampelekea Lefteri. Kata! Si bilauri! Kwa mikono yake!

Na Lefteri hana mkono wa kuipokea. Yote miwili imeshika isale. Akamshukuru, aika, mama, aika, ngoja kidogo. Kulitua chini hawezi, maana isale likitua limekataliwa. Leonia akasema nitangoja. Kata iko pale, kidevuni kwake, mvua inaingia kwenye mbege, na Emilian anaangalia.

Filemon akanyanyuka. Akasema, baba, pokea. Sauti ndogo, si ile ya darasani. Emilian hakulipokea. Lakini panga ameliweka chini. Hakuingia ndani. Mlango uko nyuma yake, wazi, na mvua inamnyeshea, na hakuingia.

Hapo nikatoka kwenye mibuni. Emilian nikampita. Nikamwambia Lefteri usitikisike, nakuja. Nimekimbia. Ndiyo, nimekimbia, miaka sabini na tano, nimepita mfereji kwa kuruka.

Nachukua gunia la kumfunika mabegani, na vigoda viwili, chake na changu. Kama ni kukaa mpaka kesho kikao kitukute pale, tutakaa. Nimewangoja Wajerumani wakaondoka. Emilian ni nani?

Anyesi ameweka mtori kwenye sufuria, ameufunika kwa jani. Ameniambia, ukienda, pita mpakani kwenye masale. Na kisu umechukua? Nimemwambia aninyamazie. Nitapita mpakani kwa sababu ndiyo njia fupi. Kisu huwa natembea nacho siku zote.

Na asitokee mtu kesho kwa Leonia aseme halikusemwa. Limesemwa. Aulizwe Leonia. Aulizwe Primus, akishamaliza kuogopa. Aulizwe Filemon, alikuwa karibu kuliko sisi wote. Na wakishindwa hao, aulizwe Emilian mwenyewe. Kaka yangu ana roho ngumu na kombeo langu, lakini hajawahi kusema uongo.